Kiwanja Kisicho na Nyayo

Paukwa, wenye masikio.

Pakawa, mwenye kinywa.

Niseme au mmeshasinzia?

Sema, tuko macho.

Siku mwiba ulipoingia mguuni mwa Tatu, walikuwepo hawa. Alikuwepo Tatu mwenyewe, mtoto wa digidigi. Alikuwepo mama yake, Mama Tatu, mwenye macho makubwa na shingo isiyotulia. Alikuwepo Bi Kidawa, kanga wa madoadoa, pamoja na vifaranga wake wanane. Alikuwepo Mwenyekiti Ngiri, ambaye mkia wake ukisimama mji mzima unajua kuna jambo, na watoto wake wawili. Na alikuwepo Mzee Nungunungu, ambaye saa ile alipaswa kuwa amelala. Hao tu. Mwingine akikwambia naye alikuwepo, muulize alisimama wapi.

Lakini mwiba bado. Tuanze mwanzoni.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji mdogo wa wanyama ukiitwa Vichakani. Mji wenyewe ulikuwa njia moja, kisima kimoja, na vichaka vya kulala. Asubuhi nyati walipita njiani kwenda kunywa maji, gidi, gidi, gidi. Mchana wakarudi, gidi, gidi, gidi. Jioni wakapita tembo. Watoto wa Vichakani hawakuwa na pa kucheza. Walikaa chini ya vichaka wakitazama kwato za wakubwa zikipita.

Tatu aliitwa Tatu kwa sababu alikuwa wa tatu. Wa kwanza alichukuliwa na tai mchana kweupe. Wa pili alichukuliwa na nani, hakuna aliyeona. Zilibaki nyayo tu, na wakati ule Mama Tatu hakujua kuzisoma. Alizitazama, akalia, upepo ukazifuta.

Tangu siku hiyo alijifunza kusoma ardhi. Akawa hakanyagi mahali mpaka ainamishe pua na kuuliza maswali yake matatu. Nani amepita hapa? Amepita lini? Amefuata nini? Kama ardhi haikujibu yote matatu, Mama Tatu aligeuka na kurudi.

Sasa Tatu alizaliwa mwaka wa njaa. Mguu wake wa nyuma, wa kulia, ulikuwa mwembamba kama ubua. Akitembea, aliuburuta. Akisimama, aliuegesha kwa mwenzake. Kila asubuhi Bi Kidawa alipokwenda kisimani alipitia kichakani kwao kumwangalia, ingawa njia yake ilikuwa nyingine.

Siku moja Bi Kidawa akasema, "Mama Tatu, mguu haupati nguvu kwa kulaliwa. Mguu unataka kukimbia."

"Akimbilie wapi, shoga? Njiani, akanyagwe na nyati?"

"Hapana. Tutafute kiwanja. Mahali pa watoto wote, hata hawa wangu wananimaliza."

"Na usalama?"

"Na usalama. Lakini tusichelewe. Nyasi zikikauka..."

Hakumaliza. Vichakani hapakuwa na haja ya kumaliza. Nyasi zikikauka hakuna pa kujificha, na asiye na mbio haoni mvua nyingine. Ilibaki miezi mitatu.

Basi wakaenda. Mbele Mama Tatu, pua chini. Katikati Tatu, akiburuta mguu. Nyuma Bi Kidawa na vifaranga, chwi, chwi, chwi.

Kwanza walifika ukingo wa mto. Mchanga ulikuwa laini kama unga. Mamba alikuwa amelala juu yake, mdomo wazi.

"Karibuni, mama zangu," akasema Mamba. "Hapa ndipo. Mchanga laini, maji ya magotini. Waleteni kila siku. Mimi nawapenda sana watoto."

Mama Tatu akamuuliza, "Unawapenda vipi?"

Mamba akafikiri. Akafikiri muda mrefu mno kwa swali dogo kama lile.

"Twende zetu," akasema Mama Tatu.

Wakaenda. Wakafika kwenye mawe ya pimbi. Palikuwa na kivuli, palikuwa na vijibonde vya kujificha. Mama Pimbi alikuwa mtu mwema. Alimsogezea Tatu majani mabichi, akawaambia wanawe wampishe mgeni akae penye ubaridi. Mama Tatu aliuona wema huo, moyo ukamlainika. Kisha akainua macho. Jiwe la juu kabisa lilikuwa na madoa meupe, kama limemwagiwa chokaa.

"Nani hukaa pale juu?"

"Tai," akasema Mama Pimbi. "Lakini siku hizi haji sana."

Mama Tatu hakusikia neno jingine baada ya "haji sana". Alikwisha kumsukuma mwanawe mbele, wanaondoka. Bi Kidawa akamshukuru Mama Pimbi mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya mwenzake.

Wakaenda, wakaenda, hata wakatokea nyuma ya mji, kwenye uwazi ambao hawakuwahi kuuona. Zamani tembo walikuwa wakijigaragaza hapo, miti haikuota tena. Palikuwa peupe, pana, na mchanga mwekundu. Palikuwa na kichuguu cha zamani, mchwa walishahama, ubavu wake laini wa kuteleza. Palikuwa na gogo la kupanda. Palikuwa na mmea wa kutambaa ulioning'inia kati ya migunga miwili, bembea kamili, inamngoja mtoto.

Vifaranga hawakuuliza. Prrr, wakamiminika.

Mama Tatu akasimama ukingoni. Akainamisha pua. Nani amepita hapa? Kimya. Amepita lini? Kimya. Amefuata nini? Kimya. Ukiacha nyayo mpya za vifaranga, ardhi ilikuwa tupu. Hapakuwa na unyayo wa sungura, wala wa panya, wala wa ndege. Mchanga ulikuwa na mistari myembamba, mingi, iliyolala upande mmoja.

"Pamefagiwa," akasema Bi Kidawa. "Tazama palivyo pazuri."

"Pamefagiwa na nani?"

"Na mwenye adabu zake."

"Mwenye adabu huacha nyayo ajulikane. Anayefuta nyayo anaficha nyayo."

"Mama Tatu."

"Na pale. Ona pale. Palikuwa na shimo, limefukiwa. Ukifukia shimo, si umezika kitu?"

"Au umemwonea huruma mtoto asivunjike mguu."

"Nani huyo mwenye huruma asiyetaka kuonekana?"

Bi Kidawa akatikisa kichwa. "Shoga, hata kusafishiwa kwako ni kosa."

Wenzangu, ingekuwa ninyi, mngemwacha mtoto aingie?

Wengine ndiyo, wengine hapana.

Basi Mama Tatu alikuwa miongoni mwa wale wa hapana. Vifaranga wakacheza, Tatu akatazama. Kesho yake watoto wa Ngiri wakaja wakacheza, Tatu akatazama. Kila siku Mama Tatu alimleta mwanawe mpaka ukingoni, kila siku akamlaza ubavuni pake, akamwekea shingo mgongoni asiinuke.

"Mama, nikimbie kidogo."

"Bado."

"Mpaka pale kwenye gogo tu."

"Bado, mwanangu."

Na kila asubuhi mchanga ulikuwa umefagiwa, na kila asubuhi palikuwa na jipya. Siku ya tatu, tawi la miiba lililoinamia kichuguu lilikuwa limekatwa. Nani amelikata? Siku ya tano, jiwe lenye ncha lilikuwa limeondolewa. Limepelekwa wapi? Siku ya saba, kando ya gogo la kupanda, palikuwa na kipande cha gogo kimeviringishwa kikawa ngazi. Kifupi. Cha mtoto.

Tatu akakisogelea, mama yake akamfuata upesi. Kimo cha kile kipande kilikuwa sawasawa na goti la mguu mbovu wa Tatu.

Mama Tatu manyoya yakamsimama. Nani amempima mwanangu?

Usiku ule hakufumba jicho. Alfajiri, umande bado uko kwenye majani, akajibanza nyuma ya mgunga. Akasubiri. Mara akasikia, chaka, chaka, chaka. Akatega masikio. Chaka, chaka, chaka.

Ni Mzee Nungunungu. Alikuwa akienda polepole, miiba yake ya nyuma imelala chini, inafagia. Anafagia hatua tatu, anasimama. Anainama, anaokota kitu kwa meno, anakipeleka kichakani. Anarudi. Chaka, chaka, chaka. Anasimama, anaokota, anakificha. Alipomaliza akazunguka ukingoni, akaingia kwenye shimo lake chini ya mizizi, wala hakuacha alama moja.

"Anaokota nini?" Mama Tatu akajiuliza. "Anaficha nini?"

Jua halijapanda vizuri, alikuwa kisimani kwa Mwenyekiti Ngiri. Ngiri alikuwa amepiga magoti, anakula, kama ilivyo desturi ya kwao. Akaitisha mkutano hapo hapo. Mzee Nungunungu akaletwa, macho madogo yanauma kwa mwanga.

"Shikamoo, Mzee," wakasema watu.

"Marahaba, wanangu."

Ngiri akauliza, "Mzee, ni wewe unayefagia kile kiwanja?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ili pawe safi."

"Na mashimo unayafukia kwa nini?"

"Ili pasiwe na mashimo."

Watu wakacheka. Mama Tatu hakucheka. Akasogea mbele.

"Babu, kwa heshima yako yote. Leo alfajiri nimekuona unaokota vitu. Unaokota nini?"

Mzee Nungunungu akatazama chini. Kweli, akatazama chini. "Takataka," akasema.

"Takataka gani?"

"Takataka tu, mwanangu."

Mama Tatu akawageukia wenzake. "Mmemwona? Kuna jambo analolificha. Mimi nimezika watoto wawili bila hata ya mwili wa kuzika. Siombi makubwa. Naomba nyayo zibaki, nijue nani anaingia mahali wanapocheza watoto."

Nani angemkatalia mama huyo? Hata Bi Kidawa hakupinga. Ngiri akainua mkia. "Imekubaliwa. Kuanzia leo kiwanja kisifagiwe. Nyayo zibaki kama zilivyo."

"Basi sawa," akasema Mzee Nungunungu. "Asanteni kwa kunisikiliza."

Akaondoka polepole. Kifaranga mmoja alikuwa amesinzia katikati ya njia. Mzee akasimama, akainua miiba yake yote juu isimguse, akampita kwa mbali. Mama Tatu akaliona hilo. Akalitia moyoni mahali pa nyuma, asilitazame.

Kesho yake, jua likichomoza, Mama Tatu akaenda kiwanjani. Safari hii ardhi ilizungumza. Aliisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Nyayo za Nungunungu, pana, kisigino kizito, zimefuata ukingo, hazikuingia katikati. Kisha nyayo za fisi, mmoja, mzee, anachechemea, amekuja kutafuta pa kulala. Hapo Nungunungu ameingia katikati. Amesimama, ametikisika, mchanga umerushwa. Fisi amegeuka, ameondoka kaskazini, nyayo zimeshapoa, hayupo karibu. Kisha tena nyayo za Nungunungu. Zimezunguka. Zimezunguka tena. Zinakwenda huku na kurudi huku, kama za mtu aliyepoteza kitu.

"Ametafuta nini?" Mama Tatu akawaza. Lakini maswali matatu yalikuwa yamejibiwa. Nani, anajua. Lini, anajua. Fisi amefuata nini, anajua, na ameondoka. Akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa hamu.

"Nenda," akasema.

Tatu hakungoja liitwe jina lake. Akaingia kiwanjani. Alianza kwa kuburuta mguu. Akafika kwenye kipande cha gogo, akaweka goti, akapanda. Akasimama juu ya gogo, mrefu kuliko kifaranga yeyote. Vifaranga wakapiga kelele ya kumpongeza. Akashuka, akajaribu kukimbia, akaanguka, akacheka. Akajaribu tena. Mtoto mmoja wa Ngiri akamwekea ubavu aegemee, wakaenda wote hatua kumi. Mwenyekiti mwenyewe alikuja kutazama, akapiga magoti pembeni, akajifanya anakula. Bi Kidawa akamsukuma Mama Tatu kwa bawa.

Wakacheza hivyo hata adhuhuri, ndipo shimo chini ya mizizi likatikisika. Mchana kweupe, jua la utosi, Mzee Nungunungu akatoka mbio, miiba imemsimama, anakuja moja kwa moja kwa watoto.

"Simameni," alikuwa akiita, sauti imekauka. "Kila mmoja asimame alipo."

Mama Tatu hakusikia maneno. Aliona miiba. Aliona mtu anayemkimbilia mwanawe. Akapiga mluzi wa hatari, ule wa puani ambao kila digidigi anaujua kabla hajazaliwa. Zik! Zik!

Tatu akaruka. Akakimbia. Wenzangu, alikimbia. Alikimbia kwa miguu yote minne, alikimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia tangu azaliwe. Hatua saba. Ya nane, akalia, akaanguka.

Mwiba wa nungunungu, mweusi na mweupe, ulikuwa umeingia kati ya kwato zake. Mguu ule ule, wa kulia.

Mama Tatu alifika kwanza. Akasimama kati ya mtoto na Mzee, kichwa chini. "Usimguse."

"Simgusi," akasema Mzee. Akakaa chini pale pale, mbali kidogo.

Bi Kidawa akajaribu kwa mdomo, mdomo ukateleza. Ngiri akapiga magoti, akajaribu, pembe zake zilikuwa kubwa mno, akauzidisha mwiba ndani. Tatu akapiga yowe. Mwenyekiti akarudi nyuma, masikio yamelala. "Samahani, mjukuu wangu," akasema, "mimi si mtu wa kazi ndogo."

Mwiba ukikaa, mguu unaoza. Kila mtu alilijua hilo. Mguu ukioza, hakuna tena habari ya nyasi kukauka.

Mzee Nungunungu akasema, kwa sauti ya chini, "Mwiba wangu nautoa mimi. Hautoki kwa kuvutwa hivyo. Unakatwa mkiani kwanza, kisha unavutwa kwa kuufuata ulivyoingia. Nimetoa mingi."

Mama Tatu akayatazama meno yake. Yalikuwa marefu, ya rangi ya chungwa, meno yanayokata mizizi ya mgunga. Akautazama mguu wa mwanawe, mwembamba kama ubua. Akamuuliza maswali yale yale anayoiuliza ardhi.

"Nani ameuangusha mwiba huu?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana usiku. Nilipita ukingoni nisidondoshe kitu, lakini fisi alitaka kulala hapa, nikamfukuza. Nikijitikisa, hudondoka. Ilidondoka mitatu. Miwili niliiona. Huu ulizama mchangani. Nikifagia, hutoka. Nisipofagia, siuoni. Nimekaa macho kutwa nikisikiliza ni nani atakuja upande huu. Nikasikia anakuja."

"Na kwa nini hukusema mbele ya mkutano?"

"Mwanangu, nimehama miji miwili. Kila niliposema miiba yangu huanguka, waliniambia nihame siku ile ile. Nilipofika hapa nikajiambia, nitaokota, nitafagia, sitasema. Nilikosea."

"Na kile kipande cha gogo?"

"Nilikuwa namwona kutoka shimoni, anatazama wenzake. Niliona goti lake halifiki."

Mama Tatu akalala chini kando ya mwanawe, akaushika ule mguu kwa midomo yake, ukatulia. Akampisha Mzee. Shaka ilikuwa haijamtoka. Masikio yake yalikuwa wima, na meno yale yalikuwa karibu na shingo yake hata akazihisi pumzi za Mzee. Lakini alimpisha.

Kre. Mzee akakata mkia wa mwiba. Akangoja. Akaushika kwa ncha ya meno, kidogo, kidogo, kama anayetoa unyasi kwenye jicho la mtoto.

Pwa. Ukatoka.

Damu ikatoka kidogo. Mzee akatafuna mzizi wa uchungu, akaupaka pale penye tundu, kisha akarudi nyuma hatua tatu kabla hajaambiwa.

Tatu akafuta machozi begani kwa mama yake. "Babu," akasema, "ukitembea unapiga kelele kama mvua kwenye majani makavu."

"Ndiyo, mjukuu. Siwezi kumwibia mtu."

Bi Kidawa akacheka mpaka akakohoa. Lakini Ngiri alisimama, mkia juu. "Hata hivyo," akasema, "mtoto ameumia. Aliyeumiza hahesabiwi nia yake. Nadhani Mzee ahame."

"Nitahama jua likizama," akasema Mzee Nungunungu. Alisema upesi, kama mtu aliyezoea.

"Mwenyekiti," akasema Mama Tatu, "jana ulinisikiliza, nisikilize na leo. Aliyemfanya asifagie ni mimi. Aliyepiga mluzi mtoto akakimbia ni mimi. Kama kuna wa kuhama, nianze kufunga mzigo. Na huyo fisi, akija tena kulala mahali wanapocheza wanetu, utamfukuza wewe?"

Ngiri akautazama mkia wake. Ukashuka, ukapanda, ukashuka.

"Sasa unataka nini?" akauliza. "Jana hutaki kufagiwa, leo unataka."

Mama Tatu akainamisha pua mchangani. Nyayo za vifaranga, nyayo za watoto wa Ngiri, nyayo za Mzee, nyayo za fisi, zote zimepandana, zimevurugana. Kesho zitakuwa zimezidi. Nani angesoma kitu hapo? Akapatazama mahali padogo ambapo Mzee alikuwa amekaa na mkia wake ukapangusa mchanga. Hapo palikuwa safi. Sisimizi mmoja alikuwa amepita, na alama za miguu yake zilionekana zote.

Akacheka, ila kwa kujionea haya. "Nilikuwa nachukia kitu ninachokihitaji," akasema. "Babu, fagia. Fagia kila alfajiri. Ukimaliza, nitakuja kusoma, kabla ya watoto. Atakayeingia baada yako, nitamjua."

"Na mimi nitakwambia miiba mingapi imeanguka," akasema Mzee, "na mingapi nimeokota."

Ikawa hivyo. Alfajiri, chaka, chaka, chaka, Mzee anafagia. Kisha Mama Tatu anakuja, pua chini. Mzee anasema, "Minne imeanguka, minne nimeiokota." Mama Tatu anaihesabu. Ndiyo, aliihesabu kila siku, na Mzee hakuchukia, alimpangia safu moja aihesabu vizuri.

Siku ya kumi na moja, katikati ya mchanga uliofagiwa, palikuwa na unyayo. Mmoja tu. Mpana, wa duara, usio na alama ya kucha. Mama Tatu hakuuliza mara ya pili. Akarudi mjini mbio, na siku ile hakuna mtoto aliyetoka kichakani. Jioni nyani wakasema wamemwona chui kwenye mgunga ulio juu ya bembea, amelala hapo kutwa, akaondoka na njaa yake.

Kidonda cha Tatu kikafunga. Akarudi kiwanjani. Alikimbia siku kumi, akakimbia ishirini, akakimbia mpaka mwezi ukaandama mara mbili. Mguu ukanenepa kwa kukimbia. Nyasi zilipokauka, mbweha mmoja akamfukuza kutoka kisimani mpaka nyuma ya mji. Alirudi peke yake, huyo mbweha, ulimi nje, akakaa njiani kupumzika.

Wenzangu, ngano hii inasema hivi. Ukimtilia mtu shaka, muulize, na ukishamuuliza, msubiri ajibu; usihukumu kwa hofu yako peke yake. Na wewe unayefanya wema kwa kujificha, yaseme na makosa yako, usiwaache wenzio wakisie. Watoto hawalindwi na mmoja. Wanalindwa na wengi wanaoambiana ukweli.

Ngano yangu nimeitua hapo, atakayeweza aibebe.

Mwaka uliofuata Bi Kidawa aliangua vifaranga kumi na mmoja, na wote walicheza kiwanjani.